Kupika vyakula vya maziwa na watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Napika na wanangu wawili, wa miaka minne na saba, karibu kila Jumamosi. Tunaishi Tanga mjini, ambako muuza maziwa hupita na baiskeli yake kabla jua halijakolea. Wazazi wenzangu huniuliza mambo yaleyale: moto, usafi, mtindi uliokataa kuganda, mtoto asiyetaka kunywa maziwa. Majibu yangu ni haya.

Kwa nini maziwa, si maandazi au chapati?

Kwa sababu maziwa hubadilika mbele ya macho ya mtoto. Lita ileile ukiilaza inaamka mtindi, ukitikisa malai yake unapata siagi, ukiitia ndimu inakatika na kuwa jibini. Tena katika kila badiliko ipo kazi ya mkono mdogo, ambayo isipofanyika chakula hakipatikani. Hilo kwangu ndilo la msingi. Mtoto ukimpa bakuli tupu akoroge wakati wewe unapika cha kweli, anajua amewekwa pembeni. Mpe kazi ambayo akiiacha, hamli.

Aanze akiwa na umri gani?

Akishaweza kukaa na bakuli mbele yake akakoroga bila kulirusha. Wangu walianza na miaka miwili na nusu hivi. Wa miaka miwili hadi mitatu huponda ndizi, hukoroga vitu baridi na kumimina kutoka kikombe kidogo. Wa minne au mitano hukamua ndimu, hutikisa chupa, huhesabu vijiko. Akifika sita au saba anaweza kuchuja, kukata ndizi kwa kisu cha mezani kisicho na makali, na, kama jiko lenu halikai sakafuni, kusimama nawe kando yake akikoroga uji huku wewe umeshika mpini wa sufuria.

Siku ya kwanza tupike nini?

Ndizi na mtindi. Ndizi mbivu mbili, kikombe kimoja cha mtindi, uma wa kupondea. Hakuna moto wala kisu, na mtoto anafanya kila kitu mwenyewe kuanzia kumenya. Yakibaki mabonge, yaache. Mama mmoja aliniambia huwa anasubiri mtoto amalize, kisha anachukua bakuli na kuponda upya iwe laini. Nilimsihi aache. Mtoto anaona, na Jumamosi inayofuata hatakuja jikoni.

Na moto je? Nina jiko la mkaa, liko chini.

Majiko yetu mengi, la mkaa na hata lile la mtungi mdogo wa gesi, hukaa sakafuni, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo nyumbani kwangu kazi za baridi ni za watoto, za moto ni zangu. Wao hukaa mkekani upande wa pili wa ua, na kati yetu nimechora mstari wa chaki. Jiko likiwaka mstari hauvukwi, hata kama kijiko kimeanguka upande wangu. Simbebi mtoto mgongoni nikichemsha maziwa. Nikibeba sufuria ya moto nasema kwa sauti, "Moto unapita!" nao wanakaa chini palepale walipo. Tulilifanyia mazoezi hili kwa sufuria tupu mara nyingi kabla ya kulifanya kweli.

Ajali ikitokea, mwagia sehemu iliyoungua maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata bila kuacha. Barafu usiweke. Vua nguo na bangili zilizo karibu, isipokuwa kitambaa kilichogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, asali, siagi, yai wala unga, hata akuambie nani. Funika kwa kitambaa safi kisha nenda kituo cha afya, na usichelewe hata kidogo ikiwa ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au jeraha limezidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe.

Tutumie maziwa mabichi au ya pakiti?

Yote yanafaa, ila mabichi lazima yachemke kwanza, hata kama ng'ombe ni wako na unamfahamu kwa jina. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela (vijidudu vya homa vinavyotoka kwa mifugo), kifua kikuu cha ng'ombe na bakteria za kuharisha, na walio chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Kiwandani huyapasha nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Sisi tusio na kipimajoto tunayaacha yachemke mpaka yapande, tunapunguza moto, tunakoroga dakika mbili tatu zaidi. Wazee watasema walikua kwa maziwa mabichi, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba homa za vipindi zilizowatesa baadhi yao miaka na miaka zilitoka humo.

Maziwa ya pakiti yanayokaa nje ya friji miezi yameshapitia joto kali sana kiwandani. Yanafaa kwa mtindi, uji na kastadi. Hayatoi malai, kwa sababu mafuta yake yamevunjwavunjwa yakasambaa, na jibini lake huwa chembe ndogo laini zisizoshikana vizuri. Ukinunua maziwa ya unga soma pakiti: mengine yametolewa mafuta ya maziwa yakatiwa ya mimea. Ya mbuzi yanafaa kwa yote haya. Ya ngamia ni matamu na mazuri, ila mtindi wake hubaki mwepesi, kwa hiyo usimvunje moyo mtoto akidhani amekosea.

Kwa nini maziwa hufurika ghafla? Mwanangu ananiuliza, sijui nimjibu nini.

Mwambie hivi: maziwa yakipata moto, mafuta na protini zake hutanda juu kama shuka. Chini maji yanageuka mvuke, mvuke unataka kutoka, shuka inauzuia, basi unaibeba shuka nzima hadi nje ya sufuria. Ndiyo maana ukipitisha mwiko na kuichana, yanatulia. Tumia sufuria ndefu uijaze nusu tu, na uisuuze kwa maji kidogo kabla ya kumimina maziwa, yasishike chini upesi.

Kazi ya mtoto hapa ni ulinzi. Anakaa nyuma ya mstari, macho kwenye sufuria, na yakianza kunyanyuka anapiga kelele, "Yanapanda!" Wangu wa miaka minne hajawahi kusinzia zamuni. Mimi ndiye niliyewahi kuyaacha yakamwagika nikichungulia simu, na akanigombeza kwa haki.

Mtindi tunaufanyaje?

Kenya huita maziwa lala, na jina hilo limenisaidia kuliko maelezo yote. Nawaambia wanangu: leo tunayalaza maziwa.

Chemsha lita moja. Epua, funika, acha yapoe mpaka kidole chako safi kivumilie ndani ukihesabu taratibu hadi kumi. Kidole ni cha mtu mzima, lakini kuhesabu ni kwa mtoto. Hapo joto ni kama nyuzi 43 hadi 45. Wakati mnasubiri, mtoto anachukua vijiko vitatu vya mtindi usio na sukari wala ladha na kuvikoroga kwenye kikombe mpaka vilainike. Hiyo ndiyo mbegu. Ina bakteria hai wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayogandisha. Mimina mbegu kwenye maziwa, koroga polepole, funika.

Kisha kulaza. Sufuria inafungwa kwa kanga mbili, halafu blanketi, halafu inapelekwa kwenye kona isiyo na upepo. Wangu huiimbia. Ukitaka, tumia chupa ya chai yenye mdomo mpana, inatunza joto vizuri zaidi. Kwa saa sita hadi nane isiguswe, isitikiswe, isifunuliwe kuchunguliwa. Hapo ndipo pagumu kwa mtoto wa miaka minne, na ndipo ninapopapenda. Sisi huyalaza jioni, na asubuhi wanakimbilia sufuria kabla ya kupiga mswaki.

Angalia jambo moja. Kama mbegu yako ni yogati ya dukani, inataka uvuguvugu huo niliousema. Kama ni maziwa lala au mtindi wa kienyeji, bakteria wake hupenda joto la chumbani: acha maziwa yapoe kabisa, tia mbegu, funika tu, subiri hadi saa 24. Wengi hushindwa kwa kuchanganya njia hizi mbili.

Wetu haukuganda. Tulikosea wapi?

Mara nyingi ni mbegu kutiwa maziwa yakiwa bado moto, bakteria wakafa. Au mbegu ilikuwa ya zamani, au yogati ya rangi na sukari isiyo na kitu hai ndani. Sababu nyingine watu hawaifikirii: ng'ombe anayetibiwa kwa antibiotiki hutoa maziwa yenye dawa, na dawa hiyo inaua bakteria wa mtindi pia. Maziwa ya ng'ombe huyo hayapaswi kuuzwa mpaka siku za kusubiri ziishe. Maziwa yaliyotiwa maji nayo hutoa mtindi mwepesi. Yalinikuta, nikabadilisha muuzaji.

Ukiwa mwepesi tu lakini unanukia vizuri na una uchachu safi, unalika. Mara nyingine ongeza vijiko vitatu vya maziwa ya unga kabla ya kuchemsha. Ukiota ukungu, ukibadilika rangi au ukinuka vibaya, mwaga wote. Usikwangue juu ukampa mtoto wa chini.

Siagi ya chupa ni kweli, au ni ya kwenye video tu?

Ni kweli, na ni furaha kuliko yote. Unahitaji malai. Ukichemsha maziwa mabichi lita mbili au tatu yakalala kwenye friji, asubuhi juu kuna tabaka nene la njano hafifu. Litoe kwa kijiko. Kusanya siku tatu kwenye kopo lililofunikwa, ndani ya friji. Au nunua krimu ya kupikia isiyo na sukari: mililita 250 hutoa kama gramu 100 za siagi.

Jaza chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, theluthi moja tu. Malai yawe ya baridi kidogo, si ya kutoka friji saa hiyo. Tikiseni kwa zamu. Mwanzo unasikia mchapo wa kitu chepesi. Baada ya dakika chache chupa inanyamaza, kama vile imejaa pamba, na hapo watoto hukata tamaa wakidhani imeharibika. Ndipo mnapotega vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Anayekosa anatikisa zamu mbili. Baada ya dakika kumi hivi, wakati mwingine ishirini, unasikia kubwata ndani: bonge moja limejitenga, na maji meupe yanapiga kuta za chupa.

Maji hayo meupe msiyamwage, ni matamu, na wapo wazee wanaosema huo ndio mtindi hasa. Bonge lioshwe kwa maji baridi yaliyochemshwa, likikandwa na kijiko mpaka maji yatoke safi, la sivyo siagi itachacha upesi. Tia chembe za chumvi. Kipande cha mkate kikipakwa siagi aliyoitoa kwa mikono yake, utamwona anavyotafuna taratibu.

Ukitaka samli, hiyo ni kazi yako jikoni: yeyusha kwa moto mdogo mpaka povu liishe na chini pageuke rangi ya hudhurungi, kisha chuja.

Na jibini?

La kawaida, la ndimu. Kabla ya kuwasha jiko mtoto anakamua ndimu au malimau mpaka apate vijiko vitatu vya chakula, na anatoa mbegu. Kama ana mchubuko kidoleni mwache ahesabu tu, maana ndimu inachoma. Chemsha lita moja, zima moto, mimina maji ya ndimu kidogokidogo ukikoroga polepole. Maziwa yanakatika: mabonge meupe upande mmoja, maji ya kijani hafifu upande mwingine. Kama maji bado yana weupe, ongeza ndimu.

Sehemu hiyo wanaikosa kwa sababu ya mstari wa chaki, kwa hiyo huwatilia maziwa ya uvuguvugu kwenye glasi yao, kila mmoja, na kijiko cha ndimu. Wanaona yakikatika mkononi mwao.

Yakishapoa, wao ndio wanaochuja kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, na ndio wanaokalia kibao kilichowekwa juu ya furushi, nusu saa, kwa zamu. Uzito wa mtoto wa miaka minne unatosha kabisa. Lita moja hutoa gramu 150 hadi 200. Msishangae ni kidogo, maana karibu asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji. Maji yaliyochujwa yanakandia chapati au yanapikia uji.

Kastadi?

Rahisi. Mtoto anakoroga vijiko viwili vya unga wa kastadi na maziwa baridi kidogo, wewe unamimina kwenye nusu lita inayochemka. Ukitia unga mkavu kwenye maziwa ya moto, utakula mabonge.

Hatuna friji.

Nunua nusu lita, pika, kula siku hiyohiyo. Mtindi unavumilia kuliko maziwa, kwa sababu ya asidi. Weka chombo chake ndani ya beseni la maji, kifunike kwa kitambaa kibichi ambacho ncha zake zimezama majini, mahali penye upepo. Siagi igeuzwe samli: ikishaondolewa maji yote inakaa miezi kwenye chupa kavu. Jibini lisilale.

Mwanangu akinywa maziwa tumbo linajaa gesi. Nimzuie kupika?

Usimzuie, ila jua kwanza ni nini. Sukari ya maziwa huitwa laktosi, na mwili unahitaji kimeng'enya cha laktasi kuivunja. Watoto wachanga wanacho. Kwa watu wengi duniani hupungua utoto ukiisha. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, hasa za wafugaji, zina mabadiliko yao wenyewe ya kinasaba yanayowawezesha kuendelea kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Ulaya. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja baba anaweza kunywa lita na mama akashindwa kikombe. Mtindi huwa mwepesi zaidi tumboni kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Siagi na samli zina kidogo sana.

Mzio wa maziwa ni kitu kingine: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida. Huyo asionje hata mtindi, na apelekwe hospitali. Na mtoto wa chini ya miaka mitano anayeharisha kila anapokunywa maziwa aonwe na daktari, usijihukumie mwenyewe kuwa ni laktosi.

Mdogo wake ana miezi minane. Aonje?

Vijiko vichache vya mtindi usio na sukari, uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, sawa. Lakini maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya maziwa ya mama kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa yana madini ya chuma machache mno. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kulambishwa: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu.

Wanalamba mwiko kisha wanaurudisha.

Wa kwangu pia. Weka vijiko vya kuonjea kando, kila mmoja chake, na mwiko wa sufuria usilambwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza na baada ya kugusa pua. Mwenye mafua au anayeharisha siku hiyo anakuwa mtega vitendawili, hagusi chakula.

Maziwa ni ghali. Wakimwaga?

Watamwaga. Ndiyo maana mtoto asishike lita nzima. Mgawie kikombe nusu kwenye chombo chake, ndani ya sinia lenye kingo. Kikimwagika umepoteza nusu kikombe tu, na yeye anapangusa mwenyewe. Usimfokee, maana mkono unaotetemeka kwa hofu humwaga tena.

Hataki kunywa maziwa kabisa.

Asinywe. Kikombe cha mililita 250 kina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mtindi una kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo apitie huko. Dagaa wanaoliwa na mifupa nao wanayo kwa wingi. Wangu mkubwa aligoma kunywa maziwa mwaka mzima, lakini mtindi alioulaza mwenyewe aliumaliza.

Wangu ni wa kiume, na bibi yake hataki kumwona jikoni.

Mimi nilimwomba mama mkwe amfundishe mjukuu wake kutikisa kibuyu kama alivyokuwa akifanya yeye zamani. Walikaa barazani asubuhi nzima, akamweleza jinsi kibuyu kinavyosafishwa na kufukizwa moshi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeuliza Jumamosi mvulana yuko wapi.

Vyombo vya maziwa vinanuka hata baada ya kuoshwa.

Mnaanza na maji ya moto. Moto hupika protini ya maziwa ikashika ukutani mwa chombo. Suuzeni kwanza kwa maji baridi mpaka weupe wote uondoke, ndipo sabuni na maji ya moto, kisha juani, midomo ikitazama chini. Suuzo la maji baridi ni la watoto. Chupa ya siagi apewe aliyetikisa zamu nyingi zaidi, kwa sababu kuna mabaki ya siagi shingoni na kidole chake kinaingia.